Ulanzi, Uchumba na Wakati: Msamiati wa Ugemaji na Sitiari za Mapenzi katika Mazingira ya Nyololo

1.0 Utangulizi

Katika hotuba za harusi, kadi za pongezi na riwaya pendwa za Kiswahili cha leo, usemi mmoja hujirudia: kwamba mapenzi ni kama mvinyo, kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi utamu. Usemi huu umepokewa bila kuhojiwa. Umetoka katika mazingira ya mzabibu, pipa la mti na ghala la chini ya ardhi, na huko una maana kamili, kwa sababu baadhi ya divai za zabibu huboreka kwa kuhifadhiwa miaka mingi. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: usemi huo unamfikiaje msikilizaji ambaye kinywaji cha ukoo wake hakihifadhiki hata juma moja?

Msikilizaji wa namna hiyo yupo Nyololo, katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Divai anayoijua ni ulanzi, yaani utomvu wa mwanzi mchanga ambao hugeuka kuwa kileo wenyewe. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu mchana, ni mkali jioni, na baada ya siku chache humwagwa. Kijana wa hapo akiambiwa kwamba penzi lake na lifanane na kinywaji kilichokaa, naye akafuata mantiki ya kinywaji anachokifahamu, ataelewa kwamba anatakiwa penzi lililochacha.

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya ulanzi, uchumba na lugha. Hoja yake ya msingi ni kwamba msamiati wa ulanzi ni msamiati wa wakati, na kwamba sitiari za mapenzi zilizokuwamo ndani ya Kiswahili zinaafikiana zaidi na wakati wa mgema kuliko wakati wa mtunza ghala. Ili kuifikia hoja hiyo, makala yanaanza na mmea na kazi ya familia, yanaendelea na uainishaji wa kinywaji chenyewe na msamiati wake, kisha yanaingia katika lugha ya posa na ya mapenzi. Mwisho, yanatazama mabadiliko yanayotishia mazingira hayo.

2.0 Mahali, Mmea na Familia

Nyololo ipo kando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia, kati ya mji wa Mafinga na mji wa Makambako, mahali ambapo barabara ya Igowole, Kibao na Mtwango hujitenga kuelekea kwenye mashamba ya chai. Makambako yenyewe imo katika mkoa wa Njombe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kiisimu, eneo hili liko mahali ambapo Kihehe na Kibena hukutana. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hizi ni jirani, G.62 na G.63, na wasemaji wake hutumia Kiswahili kama lugha ya soko, shule na ofisi. Kwa hiyo maneno ya ulanzi yanayojadiliwa hapa ni maneno ya Kiswahili cha Iringa, yaliyochukuliwa kutoka katika lugha za wenyeji yakatumika katika mazungumzo ya kila siku.

Mmea unaohusika ni mwanzi ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Mmea huu umeenea katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu Senegali hadi Ethiopia na kushuka hadi Msumbiji, lakini sifa yake kama mmea wa kileo imejengeka hasa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Huota kwa vichaka. Kila kichaka huwa na mianzi mingi inayotoka katika shina moja la chini ya ardhi. Wenyeji huuita mlanzi, wingi milanzi, na huupanda kwa kung'oa sehemu ya shina hilo pamoja na mizizi yake na kuihamishia mahali pengine.

Sifa mbili za mmea huu zina athari kubwa kwa familia. Kwanza, kichaka huishi miaka mingi kabla ya kutoa maua, na kikishatoa maua na mbegu hufa. Hivyo aliyekipanda aweza kufariki kichaka kikiwa bado kinachipua, na milanzi huwa sehemu ya urithi kama ilivyo nyumba au shamba. Pili, chipukizi likishakatwa ncha ili ligemwe, halikui tena kuwa mwanzi kamili wa kujengea. Kila msimu, basi, mwenye kichaka hulazimika kuchagua ni machipukizi mangapi yatoe kinywaji na ni mangapi yaachwe yakue ili kichaka kisidhoofike. Anayegema yote hunywa mwaka huu na kujutia miaka inayofuata. Uamuzi huo haufanywi na mtu anayepita njia. Hufanywa na mtu ambaye anatarajia kuwapo.

Kwa maana hiyo, kichaka cha milanzi kilicho bondeni au nyuma ya nyumba kinalingana na shamba dogo la mizabibu la familia katika nchi za Ulaya ya kusini. Ni mali ya nyumba, kina mipaka inayojulikana na majirani, kina msimu wake, na jina la mwenyewe hutambulikana kwa ubora wa kinywaji chake.

3.0 Ugemaji kama Kazi ya Wakati

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takribani Novemba hadi Mei. Mvua zinapoanza, machipukizi hutoka ardhini, na ndipo ugemaji huanza. Mgema hukata ncha ya chipukizi lingali laini, kisha hutundika chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta ili kipokee utomvu unaotiririka. Kidonda cha chipukizi hakiachwi kizibe. Mgema hurudi asubuhi na jioni, huchukua kilichojaa, na kwa kisu kikali hukwangua tena kipande chembamba ili utomvu uendelee kutoka.

Jambo la kuzingatia hapa ni mdundo wa kazi. Mkulima wa mahindi aweza kusafiri siku tatu baada ya palizi bila hasara kubwa. Mgema hawezi. Akikosa jioni moja, mbeta hufurika na kuingiwa na wadudu. Akikosa siku mbili, kidonda hukauka na chipukizi hilo huwa limekwisha. Mvua si udhuru, kwa kuwa msimu wa ulanzi ndio msimu wa mvua wenyewe. Kazi hii, kwa kawaida, hufanywa na wanaume na vijana wa kiume, ilhali uuzaji wa kinywaji vilabuni na kando ya barabara mara nyingi huwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja ulanzi hudai mapatano: aliyegema akichelewa, anayeuza hana bidhaa, anayeuza akichelewa, kilichogemwa kinabadilika.

4.0 Ulanzi: Bia au Divai?

Katika maandishi mengi ulanzi huelezwa kwa ufupi kuwa ni "pombe ya mianzi". Fasili hiyo si kosa, lakini inaficha tofauti muhimu. Neno pombe katika Kiswahili hujumuisha vileo vya namna mbili ambavyo hutengenezwa kwa njia zisizofanana.

Namna ya kwanza ni vileo vya nafaka, kama vile komoni. Nafaka ina wanga, na wanga hauwezi kugeuka kuwa kileo moja kwa moja. Lazima kwanza nafaka ilowekwe ichipue, ikaushwe na kusagwa kuwa kimea, ndipo wanga ugeuke sukari, na sukari igeuzwe kileo na chachu. Kazi hii huhitaji moto, vyungu na siku kadhaa. Namna ya pili ni vileo vya utomvu na matunda, ambavyo sukari imo tayari. Zabibu iliyopondwa, tembo la mnazi na utomvu wa mlanzi havihitaji kimea wala moto. Chachu zilizoko katika mazingira, pamoja na bakteria wanaotoa uchachu, huanza kazi mara utomvu unapotoka. Katika ulanzi, kazi hiyo huanza ndani ya mbeta ingali imetundikwa kwenye chipukizi.

Kwa kigezo cha utengenezaji, basi, ulanzi ni divai, si bia. Ukali wake hukaribia ule wa bia ya chupa, takribani asilimia 5 ya kileo, lakini ukali si kigezo cha aina. Tofauti ya ulanzi na divai ya zabibu ipo katika uhifadhi. Zabibu zina sukari nyingi na asidi ya kutosha, na divai yake hufikia ukali unaosaidia kuizuia isiharibike, hasa ikifungiwa mbali na hewa. Ulanzi hauna ulinzi huo. Ukishapita kilele chake huendelea kugeuka hadi kuwa kitu kinachokaribia siki.

Hali ya Dodoma, ambako zabibu hustawi na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, inaonyesha tofauti hii ndani ya nchi moja. Divai ya Dodoma huweza kutiwa chupani, kuandikwa mwaka na kusubiri mnywaji. Hata majina yana historia tofauti. Mvinyo limetokana na Kireno, divai na Kifaransa, na zabibu na Kiarabu, ambako neno hilo humaanisha tunda lililokaushwa. Ndiyo sababu Kiswahili hulazimika kusema zabibu kavu ili kurejesha maana ya asili. Ulanzi, kwa upande wake, haukuja na meli yoyote. Pamoja na hayo, ni mvinyo na divai, maneno yaliyokuja kwa bahari, ambayo Kiswahili cha maandishi kimeyapa nafasi katika lugha ya mapenzi, ilhali ulanzi umebaki katika orodha ya pombe za kienyeji.

5.0 Msamiati wa Hatua

Uchambuzi wa maneno ya ulanzi unaonyesha mambo matatu.

5.1 Ngeli na maana. Shina -lanzi hupokea viambishi tofauti ili kutenga mmea na kinywaji: mlanzi na milanzi kwa mmea, ulanzi kwa kinywaji. Kiambishi u- ndicho kile kile kinachoonekana katika majina ya vitu visivyohesabika kama uji na ugali. Kiswahili cha pwani hakikufuata njia hiyo kwa mnazi. Huko, jina la mti hutumika pia kwa kileo chake, na msemaji hutegemea muktadha au husema tembo. Aidha, mlanzi na mwanzi ni maneno yenye sura zinazokaribiana na hutaja mimea ya jamii moja, lakini msemaji wa Iringa hayachanganyi. Mwanzi kwake aweza kuwa wa kujengea. Mlanzi ni ule unaogemwa.

5.2 Togwa. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi, togwa ni kinywaji kitamu cha nafaka ambacho hakijawa kileo. Katika Kiswahili cha Iringa, togwa ni pia ulanzi mbichi, uliotoka kwenye mbeta ungali na utamu wa sukari. Vitu hivi viwili havifanani kwa mali ghafi wala kwa utengenezaji. Kinachoviunganisha ni hatua: vyote ni vinywaji ambavyo bado havijalevya. Hivyo sema ya msingi ya neno togwa ni "utamu kabla ya ukali", na fasili yoyote inayolifunga neno hili katika nafaka peke yake inaliondolea msingi huo.

5.3 Mkangafu na kuchacha. Ulanzi uliokwisha kuiva, wenye ukali kamili na utamu uliopungua, huitwa mkangafu. Wanywaji huchagua kati ya togwa na mkangafu kwa kufuata umri, jinsia, saa na kusudi. Baada ya mkangafu hakuna jina la sifa. Kuna kitenzi tu, kuchacha. Kitenzi hiki cha Kiswahili kina watoto wengi: chachu, uchachu, chachuka, chachusha. Kinafaa kwa mwanzo wa kazi ya chachu na kwa mwisho wake pia, yaani kutoa povu na kuharibika. Utata huo humsumbua mtunga kamusi, lakini kwa mgema si utata. Kitu kile kile kinachoupa ulanzi uhai ndicho kinachouua, na kinachotofautisha hali hizo mbili ni saa.

Ipo hata alama ya nje ya jambo hili. Madumu ya ulanzi yanayosafirishwa kwenda mijini hayafungwi kabisa. Huachwa na nafasi ya kupumulia, kwa kuwa hewa itokanayo na uchachukaji ingeyapasua. Divai ya zabibu hufungiwa ili idumu. Ulanzi ukifungiwa hulipuka.

6.0 Uchumba, Posa na Kinywaji

Katika jamii za Nyanda za Juu Kusini, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania, ndoa ni mazungumzo ya koo mbili kabla ya kuwa makazi ya watu wawili. Mshenga hutangulia, wazee hukaa, na kinywaji huwekwa katikati. Kazi ya kinywaji hapo si kulevya. Ni kuwafanya watu wakae kwa muda unaotosha kusemezana, na kutoa ushahidi kwamba walikaa. Katika jamii mbalimbali za nchi hii, binti huulizwa mbele ya wazee iwapo kinywaji cha wageni kipokewe, na jibu lake huhesabiwa kuwa tamko la ridhaa.

Upande wa sheria umejitenga na kinywaji. Tamko la Sheria ya Mila la mwaka 1963 lilijaribu kuweka pamoja kanuni za mahari za makabila mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisisitiza ridhaa ya hiari ya wanaooana, na ikaweka wazi kwamba kutotimizwa kwa desturi ya mahari hakubatilishi ndoa. Kwa hiyo ndoa yaweza kuwa halali bila hata kibuyu kimoja. Lakini uhalali wa kisheria na uhalali wa kijamii hutumia lugha mbili tofauti, na lugha ya pili ndiyo inayohusu makala haya.

Kiswahili cha posa hupenda mafumbo. Fumbo lililoenea zaidi ni la ua: wageni husema wameona ua katika bustani ya wenyeji. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, ili kuonyesha jinsi fumbo hilo linavyoweza kukutana na mazingira ya ulanzi:

Mshenga: Kamwene, baba.
Mzee: Kamwene. Karibuni mkae.
Mshenga: Asante, baba. Tumepita hapa, tukaona ua katika bustani yenu. Kijana wetu amelipenda.
Mzee: Ua likichumwa hunyauka. Sisi hapa tuna milanzi. Huyo kijana wenu huamka saa ngapi?
Mshenga: Jogoo humkuta bondeni, baba.
Mzee: Na jioni?
Mshenga: Hata mvua ikinyesha.
Mzee: Basi mwiteni binti asikie. Yeye ndiye atakayesema kama mbeta itundikwe.

Katika mazungumzo haya, mzee halikatai fumbo la mgeni. Analihamisha kutoka uwanja wa kuona hadi uwanja wa kutenda. Ua hupendwa kwa macho, na kuchumwa kwake ni tendo la mara moja. Mlanzi haupendwi kwa macho. Hupendwa kwa kurudiwa. Swali la saa ya kuamka linauliza tabia, si hisia. Jambo la pili ni kauli ya mwisho. Fumbo la mmea, liwe la ua au la kichaka, lina hatari ya kumfanya mwanamke kitu kinachovunwa. Mzee anaizuia hatari hiyo kwa kumwita binti awe msemaji na kumpa yeye neno la mwisho. Bila kauli hiyo, sitiari ya ugemaji ingekuwa na dosari ile ile ya sitiari ya ua, na pengine kubwa zaidi, kwa sababu mgema huchukua kila siku.

Sitiari hiyo, basi, inafaa pale tu kinachogemwa ni penzi lenyewe, na wote wawili ni wagema. Mgawanyo wa kazi uliotajwa katika sehemu ya 3.0 unaliunga mkono jambo hili: mikono ya mwanamume na ya mwanamke hukutana katika mbeta moja kabla saa haijapita.

7.0 Sitiari za Mapenzi na Wakati

Lakoff na Johnson, katika kazi yao ya mwaka 1980, walionyesha kwamba sitiari si pambo la washairi tu, bali ni njia ya kawaida ya kufikiri. Kiswahili cha kila siku kina ushahidi wa kutosha. Penzi huwa changa. Hukolea, kama chumvi au sukari inavyokolea. Huweza kumlevya mtu. Na mwisho huchuja, kama kitambaa kinavyochuja rangi. Vitenzi hivi havikutungwa kwa ajili ya ulanzi, na si vyote vilivyotokana na kinywaji. Hata hivyo, vikipangwa kwa mfuatano, vinatoa mkondo unaofanana na hatua za ulanzi: uchanga wenye utamu, kukolea wenye ukali, na kupungua iwapo hakuna anayejali.

Mkondo huu unatofautiana na ule wa usemi wa mvinyo. Katika usemi wa mvinyo, wakati ni rafiki: mpenzi hahitaji kufanya lolote isipokuwa kuacha. Chupa hulala gizani, na utamu huongezeka wenyewe. Katika vitenzi vya Kiswahili, wakati hauna upande. Hukoleza na huchuja, na matokeo hutegemea kilichofanywa ndani yake. Mtu aliyeoa na kuliacha penzi ghalani kwa miaka 20, akitumaini kwamba litaiva lenyewe, ametenda sawasawa na usemi wa mvinyo, lakini amekwenda kinyume na sarufi ya lugha yake.

Inaweza kupingwa kwamba ulanzi ni sitiari ya kukatisha tamaa, kwa kuwa unaharibika upesi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kilichofananishwa na penzi kingekuwa kinywaji kilichomo kikombeni. Lakini mgema hapimi kilichomo kikombeni peke yake, hutazama kichaka. Ulanzi wa jana umekwisha, wa leo unatoka, na kichaka kilekile kimewanywesha baba na babu. Kinachodumu si kinywaji bali chanzo, na chanzo hudumu kwa sababu mtu hurudi, na kwa sababu haligemi kila chipukizi. Kwa namna hiyo udumu haupingani na upesi wa kuharibika. Divai ya zabibu hufundisha udumu wa kitu. Ulanzi hufundisha udumu wa tendo.

Methali ya pwani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji inaongeza tahadhari. Ingawa imetokana na mnazi, inaeleweka mara moja Nyololo. Huonya juu ya mtu ambaye, akiisha kupata sifa, huacha uangalifu uliomletea sifa hiyo. Kwa mchumba aliyekubaliwa, onyo hilo halihitaji ufafanuzi.

8.0 Kutoka Bondeni hadi Kilabuni

Haitakuwa haki kuuelezea ulanzi kana kwamba umebaki nyumbani. Barabara kuu ilipojengwa kwa lami, na watu wengi walipovutwa na kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi na katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini, ulanzi ulipata soko la wageni. Dumu la plastiki lilichukua nafasi ya mbeta katika usafirishaji, na kilabu kikachukua nafasi ya ua wa nyumba katika unywaji. Kilabuni, mnywaji hajui kichaka wala mgema. Anajua bei.

Mabadiliko hayo yaligusa mapenzi pia. Mikoa hii imekuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi na virusi vya UKIMWI nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha maambukizi ya asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2022–23 uliendelea kuitaja Njombe, Iringa na Mbeya kuwa juu ya kiwango cha taifa. Sababu ni nyingi, zikiwamo uhamiaji wa kazi na njia kuu za usafiri, na haifai kukitwika kinywaji kimoja lawama yote. Lakini ulevi na mahusiano ya kupita ni sehemu ya picha hiyo. Kileo kilichokuwa kikiwakalisha wazee wa koo mbili kwa saa nyingi ili wasemezane, kilabuni huweza kuwakutanisha watu wawili wasiojuana majina.

Kuna badiliko la pili, la polepole zaidi. Miti ya mbao huleta fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na familia nyingi wilayani Mufindi zimepanda misindano na mikaratusi katika ardhi zao. Uamuzi huo una mantiki ya kiuchumi ambayo mwanaisimu hana haki ya kuipuuza. Hata hivyo, msindano ni mmea wa aina nyingine kabisa ya wakati. Hupandwa, huachwa, na huvunwa baada ya miaka mingi. Unakaribia chupa ya mvinyo kuliko mbeta. Kichaka cha milanzi kinapong'olewa ili kuupisha, hakiondoki peke yake. Huondoka na neno mkangafu, na maana ya pili ya togwa, na swali la saa ngapi kijana huamka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ulanzi, kwa utengenezaji wake, ni divai ya utomvu. Kwamba msamiati wake umepangwa kwa hatua za wakati. Na kwamba hatua hizo zinaafikiana na vitenzi ambavyo Kiswahili huvitumia kueleza kukua na kufifia kwa mapenzi. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanafaa kutolewa.

Kwanza, watunga kamusi wasitosheke na fasili ya "pombe ya mianzi". Fasili ya ulanzi itaje utomvu, msimu na hatua, na vidahizo vya mlanzi, togwa na mkangafu virejeleane. Pili, wafasiri na waandishi wanapokutana na sitiari ya divai katika matini ya kigeni, waulize kwanza kazi ya sitiari hiyo kabla ya kuipokea. Pale inapokusudiwa kusifu kuhifadhi, mvinyo unafaa. Pale inapokusudiwa kusifu uaminifu wa kila siku, Kiswahili kina mgema. Tatu, wanafunzi wa shahada za uzamili wanaotoka katika Nyanda za Juu Kusini wakusanye maneno ya ugemaji kutoka kwa wagema wenyewe, pamoja na saa na mahali pa kuyatumia, maadamu wagema wangali wakishuka bondeni.

Kazi hiyo ya tatu haistahimili kucheleweshwa. Maneno ya ugemaji hayakuhifadhiwa katika ghala lolote. Yamekuwa yakitolewa asubuhi na jioni, kwa mdomo, na watu waliorudi kwenye kichaka kilekile. Na siku mgema wa mwisho wa bonde fulani atakapoacha kurudi, kidonda kitaziba.